Bati la zamani na paa limelala, mteremko mdogo: upake nini?

Kabla hujanunua ndoo yoyote ya rangi ya kuziba paa panda juu baada ya mvua uangalie maji yanalala wapi, hapo ndo jibu lilipo. Vidimbwi vikikaa siku mbili nzima bila kukauka achana na rangi ya aina ya akriliki, maana ile ikilowa muda mrefu inalainika, inavimba, mwisho inabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Chukua ya aina ya silikoni, maji hayaisumbui na jua haliiwezi kirahisi, ila inateleza balaa ikilowa, inashika vumbi, na ukija kurudia miaka ya mbele karibu hakuna kitu kinachoishika zaidi ya silikoni yenyewe. Kama maji yanakauka haraka akriliki inatosha, ni nafuu na ile nyeupe inapunguza joto kweli.

Sasa kutu. Gongagonga na bisibisi, ikitoboka badilisha hilo bati, hakuna rangi inayofufua bati lililokufa. Palipo pazima sugua na brashi ya waya, osha, pakauke kabisa, piga praima ya kuzuia kutu, yaani ile rangi ya chini inayotangulia.

Skrubu nazo usizisahau, zile washa za mpira, viduara vya chini ya kichwa cha skrubu, zikishapasuka maji yanapenya humohumo, kwa hiyo weka mpya, na kama tundu limelegea tumia skrubu nene kidogo. Watu wengi wanaharibu hapa mi naona, wanakimbilia kupaka tu.

Halafu jaribu kipande kidogo kwanza, kikikauka bandika selotepu uivute kwa nguvu, ikitoka na rangi ujue hapajasafishwa vizuri au praima sio yake.