Dell haichaji na imekuwa nzito ghafla? Usikimbilie kupiga Windows

Wakuu, juzi jioni dada mmoja wa chuo kaniletea Dell Latitude, kashazunguka kwa mafundi wawili na wote wamempigia Windows upya, mashine bado inajikokota na betri imegoma kwenye asilimia 7. Huu ugonjwa naujua, mwaka wangu wa kwanza wa ufundi ulinikesha. Naongelea zile Dell zenye chaja ya mdomo wa duara na pini nyembamba katikati, za Type-C zina mambo yao.

Hatua ya 1
Chomoa chaja, tumia betri tupu. Mashine ikirudi kuwa nyepesi, mara nyingi ndo huu ugonjwa: laptopu haiitambui chaja.

Hatua ya 2
Washa huku unagonga F2 uingie BIOS (ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla ya Windows), nenda sehemu ya betri, soma palipoandikwa AC Adapter. Inatakiwa ikuambie wati za chaja, mfano 65W au 90W. Ikisema Unknown na umeme unaingia vizuri, umeshapata pa kuanzia.

Hatua ya 3
Chaja. Hapa soma taratibu, maana mie mwaka ule wa kwanza nilichukua multimita nikapima nikapata volti 19.5 safi kabisa, nikasema chaja nzima, basi nikapiga Windows mara mbili, nikabadilisha hadi disk, nikapaka pesti mpya kwenye prosesa, saa tisa usiku bado niko pale pale. Kumbe umeme wa kuendesha mashine unapita kwenye kuta za ule mdomo, ya ndani na ya nje. Ile pini ya katikati kazi yake ni utambulisho tu, ndani ya chaja kuna kichipu kinachoiambia laptopu "mimi ni wa wati kadhaa". Laptopu isiposikia hayo inagoma kuchaji betri na inaibana prosesa isivute umeme mwingi, ndo maana unaona nzito. Multimita itakupa volti nzuri na bado chaja ni mbovu.

Waya wa hiyo pini ni mwembamba, unapenda kukatika shingoni pale unapoingia kwenye mdomo. Pini ikiwa imepinda usiinyooshe kwa koleo, ikikatikia ndani ya tundu umejiongezea kazi. Kipimo cha uhakika ni kimoja, azima chaja orijino ya Dell yenye wati zile zile au zaidi. Zile za vichwa vingi vya kubadilisha hazikai mezani kwangu, nyingi hazina hicho kichipu kwa hiyo zitakudanganya upya.

Hatua ya 4
Chaja orijino nayo ikigoma, fungua chini, CHOMOA BETRI KWANZA, badilisha tundu la chaja. Latitude nyingi tundu lina waya wake unachomeka tu kwenye mazabodi, hamna kulehemu.

Kuna watu watakwambia weka ThrottleStop (programu ya kurekebisha spidi ya prosesa) utoe tiki kwenye BD PROCHOT, ile ishara inayoiamuru prosesa ipunguze spidi. Spidi inarudi kweli, ila betri bado haichaji na umezima kinga mojawapo ya joto. Mteja simfanyii hivyo.

Ya yule dada nilichomeka chaja yangu, BIOS ikasoma 65W, betri ikaanza kupanda. Yake imekatikia shingoni, huwa anaizungushia waya kwenye boksi lake na kuukaza kabisa ndo aitie begini.