Namna ya kuchagua wapiga penati kwa daftari, si kwa kelele za benchi

Wakuu, tangu mashindano ya mtaa yaanze naulizwa jambo hili kila siku. Naandika mara moja tu.

1. Nunua daftari. Simu huisha chaji.

2. Kila mchezaji mpe ukurasa wake, kipa naye.

3. Kila penati andika tarehe, upande, na kama imeingia, imedakwa au imetoka.

4. Hapa ndipo nilipoungua. Msimu wangu wa kwanza nilihesabu penati kabla ya mazoezi, watu wana miguu myepesi, golini yupo kipa wa akiba anacheka. Beki wetu mmoja akafunga 9 kati ya 10. Nusu fainali tukaenda matuta, nikamweka wa kwanza, akapaisha mpira ukatua kwenye mwembe nyuma ya goli. Daftari halikunidanganya, nililiuliza swali lisilo lake. Siku hizi penati tunapiga mwisho, watu wameshakimbia hadi wanahema, kipa namba moja golini, wenzao wanazomea. ANGALIENI: 3 kati ya 3 haimshindi mwenye 17 kati ya 20. Tatu za bahati hata mimi nazipata. Asiyefikisha penati 15 alizopiga, usimpange bado.

5. Orodha iandikwe usiku wa kuamkia mechi. Uwanjani unafuta tu walioumia na waliotolewa. Mjadala hakuna.

MASWALI

Winga Teleza: Mkuu, na kipa tumwandike?
Jibu: Hatua ya 2.

Mzee wa Benchi: Mpira ni moyo bwana. Mimi mchezaji nikimtazama machoni tu najua kama atafunga.
Jibu: Shikamoo mzee. Mara ulizokosea umeziandika wapi? Kabla ya kila penati andika macho yamekwambia nini. Zikifika 20, rudi.

Binti Kitasa: Kipa wetu je? Timu tunayokutana nayo tunawajua wapigaji wake.
Jibu: Swali zuri dada. Berlin 2006, robo fainali ya Kombe la Dunia, kipa Lehmann wa Ujerumani alikuwa na kikaratasi kwenye soksi chenye tabia za wapigaji wa Argentina. Wajerumani walishinda matuta 4-2. Utamu ni kwamba Cambiasso wa Argentina hakuwemo kwenye kikaratasi. Lehmann akakisoma vilevile, jamaa akapiga, ikapanguliwa. Jingine: mwaka 2007 watafiti walichapisha hesabu ya penati 286. Makipa waliruka kwenye asilimia 94, wakati karibu asilimia 29 ya mipira ilipigwa katikati. Kipa anaona aibu kufungwa amesimama. Mpigaji wao akiwa wa katikati, mwambie wako avumilie hiyo aibu.

Binti Kitasa: Asante. Tulikuwa tunaandika kwa peni, mvua ikafuta yote.
Jibu: Penseli, na kauntabuku la jalada gumu.

Winga Teleza: Daftari la kurasa ngapi?
Jibu: Wachezaji wako wangapi?

Mzee wa Benchi: Nimerudi. Penati 20, macho yamepatia 11.
Jibu: Heshima kwako kwa kuja kusema. Sasa, ungejibu tu "itaingia" kila mara, bila kumtazama mtu, ungepatia ngapi?

Mzee wa Benchi: 14.