Namna ya Kupanga Mfumo wa Kuchuja Maji kwa Bustani ya Ndani Jijini Arusha

Anayekusudia kujenga bustani kubwa ya mimea ya kitropiki ndani ya jengo jijini Arusha aanze na maji kabla ya kununua chungu hata kimoja. Wengi huhangaika na matope, ilhali adui mkubwa wa maji ya pande hizi za Mlima Meru haonekani: ni floraidi, ambayo maji huichukua yanapopita katika miamba ya volkano. Madini hayo hayo yanayoyatia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia ndiyo yanayounguza ncha za majani ya mimea mingi ya mapambo, hasa jamii ya drasena, ambamo limo isale ambalo Wachaga huliheshimu tangu kale.

Peleka sampuli maabara, uombe vipimo vya floraidi, magadi na pH, yaani kiwango cha asidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa, lakini drasena huweza kudhurika hata chini ya hapo, kwa hiyo usitosheke na jibu kwamba maji yanafaa kunyweka. Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Mchanga na mkaa wa kawaida nao huiacha ipite.

Chanzo cha kwanza kiwe mvua. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Paa la mita za mraba 200 likipata milimita 10 litatoa lita 2,000, nawe hesabu kama 1,600 baada ya kinachopotea. Maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege yamwagwe kando, yanayofuata yapite kwenye wavu, kisha kokoto na mchanga, ndipo yaingie kwenye simtanki lililofunikwa lisipitishe mwanga wala mbu. Bustani inayotumia lita 500 kwa siku itahitaji takriban lita 60,000 kuvuka kiangazi cha Juni hadi Septemba, akiba ambayo wengi hawana nafasi nayo.

Kwa hiyo maji ya bomba au kisima yatahitajika, na hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru. Hunasa floraidi vizuri, ila ukishachoka hautoi dalili yoyote, hivyo maji yanayotoka yapimwe mara kwa mara. Ya pili ni kichujio cha utando wenye vitundu vidogo mno vinavyozuia floraidi na chumvi, ambacho maji husukumwa ndani yake kwa pampu yenye nguvu. Kabla ya utando weka kichujio cha mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) cha kuzuia takataka, na mkaa maalumu wa kuondoa klorini inayouharibu. Sehemu ya maji hukataliwa na utando, nayo hubeba chumvi nyingi zaidi. Hiyo iende vyooni au kuoshea sakafu, isirudi kamwe kwenye vyungu.

Maji yaliyochujwa kwa gharama hiyo yatengewe mimea inayodhurika haraka, pamoja na mabomba ya kunyunyizia ukungu wa maji, ambayo matundu yake huziba upesi kwa chokaa. Migomba na mimea mingine migumu ipewe mchanganyiko wa maji hayo na yale yasiyochujwa.

Bwawa, kama lipo, liwe na mzunguko wake. Pampu iyazungushe maji yote mara moja kila saa mbili, yaani lita 5,000 kwa saa kwa bwawa la lita 10,000, yakipita kwanza kwenye sponji, halafu kwenye kokoto nyepesi za volkano. Humo huishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo mimea huitumia. Wape wiki 4 hadi 6 wakomae kabla ya kujaza samaki, na kokoto zioshwe kwa maji ya bwawa lenyewe, maana klorini ya bomba huwaua.