Kusoma rekodi ya mtafiti wa gegedu kabla hujamwomba akusimamie

Wanafunzi wanaotafuta msimamizi wa uzamivu huniletea jina la mtafiti pamoja na fahirisi yake ya h, wakitaka niwaambie kama ni kubwa. Mimi ni mtu wa maabara ya gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, na jibu langu ni lile lile: fungua makala zake kwanza.

Fahirisi yenyewe haina mafumbo. Jorge Hirsch aliipendekeza mwaka 2005: mwenye 30 ana makala 30 zilizonukuliwa angalau mara 30 kila moja. Haishuki hata mtu akiacha utafiti, wala haikwambii kama jina lake lilikuwa la kwanza au limebanwa katikati ya orodha.

Hakikisha kwanza rekodi ni ya mtu mmoja. Majina hufanana, kwa hiyo tafuta namba yake ya ORCID, utambulisho wa mtafiti wenye tarakimu 16. Chagua hifadhidata moja ubaki nayo. Google Scholar huhesabu hata tasnifu, Scopus na Web of Science huchuja zaidi. Kuchukua namba ya huyu huku na ya yule kule ni kuwaonea wote wawili.

Sasa panga makala zake kuanzia iliyonukuliwa zaidi, uzisome zile za juu. Hapa ndipo penye kazi. Jiulize kila moja ni mbinu, ni mapitio ya tafiti za wengine, au ni ugunduzi. Kwetu mbinu hukusanya nukuu kupita kiasi. Makala ya Farndale na wenzake ya mwaka 1986 inahusu rangi ya bluu inayogeuka zambarau ikikutana na glaikosaminoglaikani, minyororo ya sukari iliyomo kwenye gegedu. Unachanganya, unasoma kwenye nanomita 525, na unasoma upesi kabla mchanganyiko haujaanza kutuama. Maabara kibao huitaja katika sehemu ya mbinu, sentensi moja, basi. Ni mchango mkubwa, ila hauoneshi kwamba anayeinukuu amekubali hoja yoyote kuhusu ugonjwa.

Linganisha na Benya na Shaffer, 1982. Walionesha kwamba seli za gegedu zilizokuzwa bapa kwenye plastiki, zikasahau kazi yake, hurudia kutengeneza kolajeni aina ya II, protini kuu ya gegedu, zikiwekwa ndani ya jeli ya agarosi. Anayewanukuu hawa mara nyingi anajenga juu yao.

Kuna pia nukuu za ubishi. Mwaka 1994 Brittberg na wenzake wa Sweden waliripoti wagonjwa 23 waliorudishiwa gotini seli zao wenyewe zilizokuzwa maabara. Waliokuwa na kidonda kwenye mfupa wa paja, 14 kati ya 16 walipata matokeo mazuri. Kwenye pia ya goti, 2 tu kati ya 7. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, na mjadala ukafuata. Hifadhidata huhesabu sifa na lawama sawasawa. Ukikuta mtafiti ananukuu wale 14 na kuwanyamazia wale 2, umeshajua anavyosoma.

Kwa hiyo bofya orodha ya walionukuu, chagua makala kadhaa bila kupendelea, utafute sentensi yenyewe. Imo kwenye utangulizi, kwenye mbinu, au kwenye majadiliano? Ya majadiliano naithamini zaidi. Ondoa na nukuu za kujinukuu. Scopus ina kitufe chake.

Usimpime mtu wa gegedu kwa mizani ya mtu wa saratani. Uwanja wetu ni mdogo, na tishu yenyewe haina haraka: nusu-uhai wa kolajeni yake kwa mtu mzima, yaani muda wa nusu yake kubadilishwa, umekadiriwa kupita miaka 100. Majaribio ya wanyama huchukua muda, na nukuu huchelewa vivyo hivyo. Makala ya miaka miwili yenye nukuu chache haijashindwa.

Baada ya hapo tazama makala zake za karibuni: nani mwandishi wa kwanza? Kama ni wanafunzi wake, na majina yao yanabadilika mwaka hadi mwaka, hiyo ni maabara inayolea watu. Kama jina la kwanza ni lake siku zote, waulize waliopitia hapo kabla hujatuma barua. Mwandikie aliyekwisha kuhitimu. Aliye bado ndani hana uhuru wa kusema.