Umeachia mwili na unakaa Mwanza? Anzia hapa

Haya ni maelekezo kwa mtu anayetweta akipanda ngazi za nyumbani kwake na hataki kusikia habari za jimu. Nimeyaandika baada ya kumnasua shemeji yangu, muuza duka wa Buzuruga, kwenye stuli yake. Shemeji alikuwa mtu wa kuita bodaboda impeleke kituo cha daladala. Siku hizi anatembea na kikundi chetu Jumamosi, na mengi ya hapa chini ni majibu ya maswali aliyokuwa akinirushia njiani.

Hatua ya 1: Pima

Presha na sukari. Kama kifua hubana ukiongeza mwendo, au umewahi kuzimia, anza kwa daktari. Anayetumia dawa za sukari asitoke na njaa, na awe na peremende au juisi mfukoni, maana mazoezi yenyewe hushusha sukari.

Hatua ya 2: Raba

Usinunue raba mpya za bei ya kutupa. Nenda soko la Mlango Mmoja utafute mtumba mzuri. Bonyeza kisigino cha kiatu kwa dole gumba upande wa nyuma: kikibonyea chote, rudisha. Kikunje: kiatu cha kutembelea hupinda pale vidole vyako vinapopinda, siyo katikati ya unyayo. Kisha kiweke juu ya meza ya muuzaji ukitazame kwa nyuma. Kikilalia upande, mwenyewe wa kwanza alikuwa akikanyagia upande huo, na ukikinunua utaurithi mwendo wake.

Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo baada ya kutwa nzima. Muuzaji atakuapia kwamba kinachobana kitaachia. Hakiachii.

Hatua ya 3: Chagua kitu ambacho ungekifanya hata kama hakipunguzi kitambi

Hapa nina msimamo: mtu aliyeachia mwili asianze na kukimbia. Watu huona vijana wa jogingi wanapita na filimbi na nyimbo, nao wanajiunga siku hiyo hiyo. Kesho yake goti limevimba na raba zimerudi uvunguni. Kamba nayo isubiri, kwa sababu kila mruko uzito wote wa mwili unatua juu ya vifundo vya miguu ambavyo havijazoea.

Anza na mojawapo ya haya.

Kutembea na mtu mwenye maneno mengi. Huyo ni bora kuliko programu yoyote ya simu. Capri Point ni pazuri asubuhi, magari si mengi na ziwa unaliona. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, pita kulia mwa barabara ili magari yaje mbele ya macho yako. Jua la Mwanza huchelewa kutoka, kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi na zaidi, kwa hiyo anayetoka saa kumi na moja anatembea gizani na bodaboda zisizo na taa.

Rede. Wawili wanarusha mpira wa matambara, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Fikiria kinachotokea: unachuchumaa, unachota, unainuka, unaruka pembeni, unachuchumaa tena. Mwalimu wa jimu angekutoza hela kwa mambo hayo hayo. Wanaume hudai ni mchezo wa wasichana. Muingize katikati, mrushie mipira mitano, uone kama atakuwa na pumzi ya kulirudia neno hilo.

Ngoma. Kama umekulia Usukumani, bugobogobo unaijua hata kama unajifanya wa mjini. Ni ngoma ya jembe, imetoka kwenye kulima kwa pamoja, na mapaja, kiuno na mabega yote yanafanya kazi. Kwa kuanzia acha jembe, cheza mikono mitupu na usishuke chini sana. Asiyejua ngoma aweke singeli sebuleni na kufunga mlango.

Ninachokataa kabisa ni kujifunga mifuko ya plastiki tumboni au kuvaa sweta zito ili jasho litoke. Kinachopungua ni maji, na ukinywa lita moja yanarudi. Kwa joto la mchana ni njia ya haraka ya kujiangusha barabarani.

Hatua ya 4: Mwendo

Uweze kuongea, usiweze kuimba. Ukiweza kuimba ubeti mzima wa kwaya, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Basi.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa namna hiyo. Zamani lilisema kila kipande kisipungue dakika 10. Mwongozo wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo, kwa hiyo dakika tano za kwenda gengeni kwa miguu zinahesabika. Zile hatua 10,000 ambazo simu inakudai kila siku zilianzia kwenye jina na tangazo la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Usikose usingizi kwa sababu yake.

Hatua ya 5: Mlima, na hasa kuushuka

Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani, kwa hiyo tulia usome.

Maelekezo mengi ya mazoezi huandikwa na watu wa sehemu tambarare. Mwanza huwezi kutembea nusu saa bila kukutana na kilima. Mtu wa Mabatini, Igogo au Bugando hana hata la kuchagua, nyumba ziko juu ya mawe na njia ni ngazi. Kila anayeanza anaogopa kupanda. Kupanda si tatizo. Utahema, utasimama, utajifanya unatazama ziwa, utaendelea. Moyo na mapafu vinakupa taarifa hapo hapo.

Kushuka hakukupi taarifa. Unashuka unacheka, unafika chini mzima, unalala vizuri. Kesho yake mapaja yanakaza. Keshokutwa huwezi kukaa chooni bila kushika ukuta. Shemeji siku hiyo alishuka ngazi za kwake kinyumenyume, huku watoto wa jirani wakimhesabia, akanipigia simu: "Shemeji, umeniua. Goti limekwenda."

Goti halikuwa limekwenda. Unapopanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja ukikusukuma juu. Unaposhuka, msuli huo huo unakushikilia usianguke huku ukivutwa kurefuka, na kazi hiyo ya breki ndiyo inayoutia michaniko midogo midogo. Maumivu huanza baada ya saa kadhaa, hufika kileleni kati ya siku ya pili na ya tatu, kisha hupoa yenyewe. Ni kawaida kabisa. Na msuli una kumbukumbu: ukiushusha tena mlima ule ule wiki inayofuata, maumivu huwa madogo mno. Anayeacha baada ya mara ya kwanza amelipa nauli yote akashukia kituo cha kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi.

Wiki za mwanzo panda kwa miguu, shuka kwa bodaboda au daladala. Watu watakucheka kwamba unafanya mambo kinyume. Waache.

Ukianza kushuka, shuka robo ya mlima tu, ile ya mwisho kuelekea chini. Wiki inayofuata nusu. Usiruke hatua hii hata kama unajisikia vizuri, maana siku hiyo hiyo ya kushuka utajisikia vizuri kila mara. Hapo ndipo penye mtego.

Hatua ziwe fupi. Goti lilegee kidogo, lisinyooke kabisa unapokanyaga. Usiegemee nyuma. Watu huegemea nyuma kwa hofu, kisigino kinateleza, makalio yanatua kwenye jiwe. Njia ikiwa pana, shuka kwa kukata mshazari kushoto na kulia. Kwenye ngazi za mawe zisizolingana, na zetu nyingi hazilingani, mguu mmoja ushuke, wa pili ufuate ngazi ile ile, ndipo uendelee. Ni mwendo wa kibibi, na bibi hajavunjika.

Baada ya mvua usishuke mwamba mtupu. Jiwe lenye ukungu wa kijani halina rafiki, hata uvae raba gani. Rudi kwa njia ya magari.

Sasa, kutofautisha. Maumivu ya msuli yako pande zote mbili, ni ya uzito wa paja zima, na hupungua ukitembeatembea. Yakiwa goti moja, nukta moja, yanachoma, au goti limevimba na linakwama, hayo si ya mwongozo huu, nenda ukaonwe. Na mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, usisubiri asubuhi, nenda hospitali; msuli umevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini.

Wakati wa maumivu ya kawaida, usilale kitandani siku mbili. Tembea tambarare taratibu, dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Kusuguliwa kwa nguvu na mtu mwenye mikono ya chuma simshauri mtu, ingawa shemeji alikwenda na akalia.

Hatua ya 6: Ziwa

Litazame, usiliingie. Najua watu wanaogelea tangu utotoni, lakini maji ya kando yana kichocho. Minyoo michanga hutoka kwa konokono, hutafuta ngozi na kupenya bila wewe kuhisi, na jua la mchana ndilo huwatoa kwa wingi. Kujifuta na taulo si kinga ya kutegemea. Kama umeshaingia, kapime na upewe dawa, inatibika. Mamba na viboko nao wapo sehemu sehemu. Anayependa kuogelea atafute bwawa la hoteli.

Hatua ya 7: Jipe Saanane

Ukishaweza kupanda na kushuka bila kushika ukuta keshokutwa yake, nenda kisiwani. Saanane imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013 na boti ni ya muda mfupi tu kutoka mjini. Kuna pimbi wanaokutazama bila haya, swala, na miamba ya kupanda kwa mwendo wako. Nenda asubuhi kabla mawe hayajashika moto, beba maji, na umwambie askari wa hifadhi tangu mwanzo kwamba nyinyi ni wageni wa mazoezi, atawachagulia njia. Wa kandambili abaki kwenye boti.