Kupanga marejeo ya muswada wa jarida la kisayansi

Kabla ya kuandika rejeo la kwanza, soma maelekezo kwa waandishi ya jarida unalolilenga, kisha fungua makala mbili au tatu zilizochapishwa humo karibuni, kwa sababu mara nyingi mifano hiyo hufafanua yale ambayo maelekezo yameyaacha.

Miongoni mwa mitindo inayotumika sana ni hii miwili. Katika mtindo wa Vancouver, unaotumika sana katika tiba, kila chanzo hupewa namba kwa mpangilio wa kutajwa kwake mara ya kwanza, na namba hiyohiyo hurudiwa kila kinapotajwa tena. Katika mtindo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, hutajwa jina la ukoo la mwandishi na mwaka, na orodha hupangwa kialfabeti; toleo lake la saba, la mwaka 2019, linataka chanzo chenye waandishi watatu au zaidi kitajwe kwa jina la ukoo la mwandishi wa kwanza likifuatiwa na “na wenzake”.

Programu za kupanga marejeo kama Zotero huokoa muda mwingi, lakini hunakili makosa yaliyomo kwenye hifadhidata bila kuyasahihisha. Kwa hiyo linganisha majina, mwaka, juzuu, kurasa na namba ya DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni) na makala yenyewe, wala usitaje makala ambayo hujaisoma. Hakikisha pia kwamba makala hiyo haijabatilishwa na jarida lililoichapisha.

Mwishowe, hakiki kwamba kila chanzo kilichotajwa matinini kimo kwenye orodha, na kila kilichomo kwenye orodha kimetajwa matinini.