Kusafisha injekta ya pikipiki ya zamani

Pikipiki inayokohoa unapoongeza mwendo, au inayosumbua kuwaka asubuhi, si lazima injekta yake, yaani kifaa kinachonyunyizia mafuta kwenye injini, iwe imekufa. Kabla ya kuifungua, kagua plagi, chujio la hewa na hasa soketi ya umeme ya injekta yenyewe, kwa kuwa hewa ya chumvi ya Dar es Salaam huleta kutu upesi.

Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na moto. Chomoa waya wa pampu ya mafuta, washa injini mpaka izime yenyewe, kisha ondoa betri. Bila hivyo, mpira wa mafuta hubaki na presha, ambayo katika pikipiki nyingi ni takriban baa 3. Ipime injekta kwa mita ya kupimia ukinzani wa umeme. Nyingi husoma kati ya omu 10 na 15, na isiyosoma kitu haiponi kwa kusafishwa; tafuta nyingine Kariakoo.

Ing'oe, kisha puliza dawa ya kusafishia kabureta kupitia upande wa kuingilia mafuta, huku ukigusisha umeme wa volti 12 kwa muda usiozidi sekunde moja kila mara, kwani ukiushikilia koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya injekta, itaungua. Gusisha waya upande wa betri, mbali na dawa, ili cheche zisilete balaa. Usichokonoe matundu kwa sindano, ingawa mafundi wengine hufanya hivyo: yakipanuka, pikipiki itakunywa mafuta ovyo.

Unapoirudisha, weka oringi (mipira ya duara ya kuzuia uvujaji) mpya zilizopakwa oili kidogo, rudisha waya wa pampu na betri, halafu fungua swichi bila kupiga stata, ukague kama panavuja.